UZI: Marekani walivyofungua vyuo na michezo ya vyuo katikati ya korona mwaka 2020. Hatari ilipimwa kwa nani?

Mleta uzi

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Kila mjadala wa korona na shule ukianza humu, watu hugawanyika haraka sana. Wapo wanaosema kufunga ndiko kulikookoa maisha, na wapo wanaosema vijana hawakuwa wakifa, kwa hiyo kuwafungia ilikuwa kuwaonea. Naheshimu pande zote mbili, lakini nadhani swali lenyewe liliulizwa vibaya. Mimi ningeuliza hivi: mwanafunzi akiambukizwa, ni nani atakayebeba madhara yake? Na kama maambukizi tunayoweza kuyavumilia ni machache, tuyavumilie kwa ajili ya kufungua kitu gani kwanza?

Nachukua Marekani ya mwaka 2020 kwa sababu moja. Vyuo vya kule viliamua kila kimoja kivyake, vingi vikawa vinatangaza hesabu za wagonjwa wao hadharani, na watafiti wakafuatilia. Ndiyo maana tunaweza kulinganisha chuo na chuo badala ya kubishana kwa hisia. Uzi ni mrefu, nitauleta kwa vipande. Vumilieni.

Tarehe 11 Machi 2020 ligi ya mpira wa kikapu ya NBA ilisimama baada ya mchezaji Rudy Gobert wa Utah Jazz kukutwa na virusi. Kesho yake NCAA, shirika linalosimamia michezo ya vyuo, likafuta mashindano yake ya taifa ya mpira wa kikapu. Msiofuatilia michezo ya kule mnaweza kuona ni jambo dogo. Si dogo. Mashindano yale ndiyo chanzo kikuu cha mapato ya NCAA. Mwaka ule ilikuwa igawe dola milioni 600 kwa wanachama wake, ikaishia kugawa milioni 225. Wanafunzi nao walirudishwa makwao, na vyuo vikaanza kudaiwa fedha za vyumba na chakula ambavyo havikutumika. Kwa hiyo kiangazi kilipofika, kila aliyekaa mezani kuamua kama chuo kifunguliwe Agosti alikuwa na karatasi mbili mbele yake: moja ya daktari, nyingine ya mhasibu.

Wengine waliamua mapema. Mfumo wa California State University, uliokuwa na kampasi 23 na wanafunzi karibu nusu milioni, ulitangaza tarehe 12 Mei kwamba muhula wa Septemba karibu wote utasomwa mtandaoni. Purdue, kule Indiana, ilikuwa imeshasema tangu Aprili kwamba inakusudia kufungua. Walio wengi walibaki katikati, wakisubiri kuona mwenzao atafanya nini.

Kipande kijacho ni Chapel Hill.

Mleta uzi

Chuo Kikuu cha North Carolina, Chapel Hill, kilianza masomo ya ana kwa ana tarehe 10 Agosti. Idara ya afya ya kaunti yao ya Orange ilikuwa imewaandikia barua mwishoni mwa Julai, ikishauri wiki tano za kwanza zisomwe mtandaoni na mabweni yapokee wachache tu wasio na pa kwenda. Chuo hakikuufuata ushauri huo.

Siku chache tu baadaye yakaanza matangazo ya milipuko. Kwanza bweni la Ehringhaus na majengo ya Granville Towers, kisha nyumba ya chama cha wanafunzi cha Sigma Nu, kisha bweni la Hinton James. Katika wiki ile moja wanafunzi 130 walikutwa na virusi, na asilimia ya vipimo vilivyotoka na maambukizi ikapanda kutoka 2.8 hadi 13.6. Tarehe 17 Agosti chuo kikatangaza kwamba wanafunzi wa shahada ya kwanza watarudi kwenye masomo ya mtandaoni. Wiki moja tu. Watu walikuwa wamelipia pango, wamesafirisha mizigo, wengine wamevuka majimbo kadhaa.

Angalieni milipuko hiyo ilitokea wapi: bweni, bweni, nyumba ya chama, bweni. Mjadala wote wa kiangazi ulikuwa umehusu madarasa: viti vitenganishwe mita ngapi, mhadhiri avae nini, mlango upi uwe wa kuingilia. Kirusi kilisambaa kule watu wanakolala, wanakopigia mswaki, wanakokunywa Ijumaa usiku.

Na kuna hili, linaloniuma hadi leo. Wanafunzi walifungasha mizigo, lakini timu ya futiboli ya Kimarekani ilibaki. Tarehe 12 Septemba ikacheza na Syracuse kwenye uwanja wa chuo, bila mashabiki, ikashinda 31 kwa 6. Kampasi isiyo salama kwa mwanafunzi wa historia ilionekana inatosha kwa mchezaji.

Mnazi wa Michezo

Mkuu, uzi umetulia, hongera. Ila naomba tusiende haraka. Wachezaji walikuwa wachache, wanapimwa, wanakula pamoja, wanasimamiwa saa zote. Huwezi kuwalinganisha na maelfu ya wanafunzi wanaozurura mjini. Pengine walikuwa salama zaidi wakiwa kambini kuliko makwao. Halafu vijana wa miaka 19 wenye afya zao walikuwa wanakufa kwa korona wangapi? Tuseme ukweli.

Mleta uzi

Mnazi, hoja ya kwanza nitaijibu nikifika kwenye michezo, maana ina uzito wake. Ya pili naijibu sasa hivi.

Ni kweli, kijana wa miaka 19 alikuwa na hatari ndogo sana ya kufa. Wapo wanafunzi waliokufa mwaka ule, na kila mmoja alikuwa na mama yake, lakini kihesabu hatari yao ilikuwa ndogo. Tatizo ni kwamba hesabu haiishii kwa kijana.

Kuna mji unaitwa La Crosse, Wisconsin, una vyuo vitatu. Wanafunzi waliporudi, Septemba 2020, mlipuko ukatokea. Watafiti wa hospitali ya Gundersen pale mjini walichukua sampuli na kusoma vinasaba vya kirusi. Jambo hilo ni muhimu, kwa sababu vinasaba vinaonyesha kirusi cha fulani kinatoka ukoo gani, si suala la kukisia. Wakakuta kirusi kilekile kilichokuwa kinazunguka kwa wanafunzi kimeingia kwenye nyumba mbili za kutunzia wazee. Wazee wanane waliugua, wawili wakafa.

Hao wawili hawakuhudhuria tafrija yoyote. Hawakuulizwa kama chuo kifunguliwe. Kati yao na mwanafunzi kulikuwa na mtu ambaye hatujui ni nani: labda mhudumu wa zamu, labda mpishi, labda binti anayesoma asubuhi na kufanya kazi jioni.

Tukitaka picha pana, kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, kilichapisha uchambuzi Januari 2021. Walichukua kaunti zenye vyuo vikubwa, wakalinganisha siku 21 kabla ya masomo kuanza na siku 21 baada yake. Kaunti ambazo vyuo vyake vilifungua ana kwa ana, maambukizi yalipanda kwa zaidi ya asilimia 56. Kaunti ambazo vyuo vyake vilibaki mtandaoni, yalishuka kwa karibu asilimia 18. Kaunti ni kila mtu: muuza duka, fundi, bibi anayelea wajukuu.

Kwa hiyo mtu akiniambia "vijana hawafi", namjibu kwamba amepima hatari kwa aliyepewa uamuzi na kumwacha asiyeulizwa.

Nesi wa Zamu

Nakazia hapo, na naongea kama mtu wa wodini. Sisi wauguzi tulikuwa tunapokea mgonjwa bila kujua mnyororo umeanzia wapi. Unamuuliza mzee, "Umetoka? Ulikwenda sokoni?" Anasema hajatoka nyumbani miezi miwili. Basi kuna mtu ameingia. Utafiti wa vinasaba kama huo ulioutaja ndio unaofunga mnyororo. Bila huo kila mmoja anabaki kusema "si mimi".

Naomba uzi usisahau wapishi na wafagizi wa mabweni. Wengi wao wana umri mkubwa, wengine wana kisukari na presha. Hao ndio waliokuwa wanaingia vyumbani.

Aliyekuwa Ughaibuni

Wakuu, mimi nilikuwa mwanafunzi kule wakati huo, nimetoka Tanzania. Chuo sitakitaja. Nataka niongeze kipande ambacho kwetu wageni kilikuwa kizito kuliko kirusi chenyewe.

Tarehe 6 Julai 2020 idara ya uhamiaji, ICE, ilitoa agizo kwamba mwanafunzi wa kigeni ambaye masomo yake yote yatakuwa mtandaoni hataruhusiwa kubaki Marekani. Ama uhamie chuo chenye masomo ya darasani, ama uondoke. Fikirieni hali ilivyokuwa: ndege ni za kubahatisha, nchi nyingi zimefunga mipaka, nauli haishikiki, na ukifika nyumbani darasa linaanza saa nane usiku kwa saa za Dar es Salaam, umeme ukikatika umekosa kipindi.

Harvard na MIT walikwenda mahakamani tarehe 8 Julai, vyuo vingi na majimbo mengi yakawaunga mkono, na tarehe 14 Julai serikali ikaliondoa agizo. Siku nane. Lakini katika siku nane zile nilielewa kwamba uamuzi wa kufungua chuo haukuwa wa kitabibu peke yake. Chuo kilichotaka kubaki mtandaoni kwa usalama wa watu wake kilikuwa kinaambiwa, kwa lugha ya vibali vya kuishi, kwamba kikifanya hivyo kitapoteza wanafunzi wake wa kigeni. Na wanafunzi wa kigeni nchini walikuwa zaidi ya milioni moja, wengi wanalipa ada kamili.

Mleta uzi ameuliza nani anabeba madhara. Nasi tulikuwemo kwenye orodha hiyo.

Mleta uzi

Asante sana ndugu yangu, hapo umeniongezea. Watu husahau kwamba kufunga nako kuna wanaoumia, na mgeni asiye na pa kwenda ni wa kwanza kuumia. Hata barua ile ya kaunti ya Orange ilimkumbuka: mabweni yabaki kwa ajili ya wasio na makao mengine. Huo ndio upimaji ninaoutafuta, unaomwangalia mtu mmoja mmoja.

Sasa turudi kwenye chuo kingine cha Agosti ileile, maana Chapel Hill peke yake haitoshi.

Notre Dame, Indiana, kilianza tarehe ileile, 10 Agosti. Nacho kikalipukiwa, hasa kutokana na tafrija za nje ya kampasi. Tarehe 18, wagonjwa wakiwa wamefika 147, rais wa chuo, Padri John Jenkins, alitangaza wiki mbili za masomo ya mtandaoni, lakini hakuwarudisha wanafunzi makwao. Walibaki palepale, upimaji ukaongezwa, na tarehe 2 Septemba madarasa yakaanza kufunguka tena kidogokidogo.

Kuwabakiza ulikuwa uamuzi wa busara, na Dkt. Anthony Fauci, mtaalamu mkuu wa magonjwa ya kuambukiza wa serikali ya Marekani wakati huo, alilisema wazi mwanzoni mwa Septemba: kuwarudisha wanafunzi walioambukizwa kwa familia zao nchi nzima ndilo jambo baya kuliko yote. Maana hapo umelichukua tatizo la mji mmoja ukaligawa kwenye meza za chakula za miji elfu. Ukishafungua mlango na watu wakaingia, wajibu wako umebadilika. Huwezi tena kusema "nendeni nyumbani" ukanawa mikono.

Notre Dame hawakuwa watakatifu, msinielewe vibaya. Mwezi huohuo wa Septemba Padri Jenkins alikwenda Ikulu ya Marekani kwenye hafla ya tarehe 26, akapigwa picha bila barakoa akipeana mikono, na siku chache baadaye akakutwa na virusi. Tarehe 7 Novemba timu yao ya futiboli ikaifunga Clemson 47 kwa 40 katika muda wa nyongeza wa pili, wanafunzi kwa maelfu wakavamia uwanja kushangilia, kifua kwa kifua. Hao ndio waliokuwa wamewekewa kanuni za umbali. Huwezi kumjengea kijana sherehe kubwa kuliko zote za maisha yake halafu ukashangaa ameisherehekea.

Mnazi wa Michezo

Umeingia kwenye eneo langu, basi tusemezane. Wachezaji wenyewe walitaka kucheza. Trevor Lawrence wa Clemson na wenzake walianzisha kampeni Agosti wakisema wanataka kucheza. Wengi wametoka familia za hali ya chini, mpira ndio njia yao. Ukiwafungia msimu umewafungia maisha. Nani anapima hatari hiyo?

Mleta uzi

Hoja nzuri, na sitaikwepa.

Kwanza, hata wachezaji hawakuwa na sauti moja. Wale wa ukanda wa Pac-12 (ukanda ni umoja wa vyuo vinavyoshindana pamoja) walitoa madai yao Agosti ileile: ulinzi wa afya kwanza, haki ya mtu kukaa nje bila kupoteza udhamini wake wa masomo, na mgao wa fedha. Kumbukeni wakati huo mchezaji wa chuo hakuruhusiwa kulipwa hata kwa matumizi ya jina lake. Ruhusa hiyo ilikuja Julai 2021. Na Ohio State iliwapa wachezaji wake hati ya kusaini mwezi Juni, ikieleza kwamba kurudi mazoezini kuna hatari ya korona. Mambo ya kusaini yalienea hadi NCAA ikapiga marufuku, tarehe 5 Agosti, vyuo kumlazimisha mchezaji kusalimisha haki zake za kisheria ili aruhusiwe kucheza. Anayesema "walitaka wenyewe" aanze na hapo: mtu asiyelipwa, mwenye udhamini wa masomo mkononi mwa kocha, akiulizwa kama anataka kucheza, atasema nini?

Pili, moyo. Tarehe 11 Agosti kanda za Big Ten na Pac-12 ziliahirisha michezo yote ya msimu ule, na hofu moja kubwa ilikuwa uvimbe wa misuli ya moyo baada ya korona. Septemba madaktari wa Ohio State wakachapisha matokeo ya wanamichezo 26 waliopona: kwenye picha za MRI, wanne walikuwa na dalili za uvimbe huo. Asilimia 15! Watu walishtuka, na walikuwa na haki ya kushtuka. Baadaye uchunguzi mpana zaidi ulishusha hesabu. Ndani ya Big Ten, kati ya wanamichezo 1,597 waliopigwa picha za moyo, 37 walikuwa na uvimbe, asilimia 2.3. Uchunguzi mwingine wa vyuo vingi uliangalia 3,018 waliowahi kuambukizwa ukakuta 21 wenye dalili za kuathirika moyo, asilimia 0.7. Kwa hiyo Mnazi, katika hili wewe na wenzako mko karibu na ukweli: hatari ya moyo ilikuwepo lakini ilikuwa ndogo kuliko ilivyodhaniwa Agosti. Walioahirisha, hata hivyo, hawakukosea kuahirisha. Waliamua kwa walichokijua, kuhusu kiungo ambacho kikifeli uwanjani hakuna marudio.

Tatu, na hapa ndipo tunapoachana njia. Big Ten waligeuza uamuzi wao tarehe 16 Septemba. Kulikuwa na presha ya mashabiki, ya wazazi, ya wachezaji, na Rais Trump alikuwa amempigia simu kamishna wao tarehe 1 Septemba, mwaka wa uchaguzi. Walichosema kimewawezesha kurudi ni vipimo: kila mchezaji kupimwa kila siku, majibu palepale. Aliyeambukizwa akae nje siku 21. Timu ikizidi asilimia 5 ya maambukizi isimame angalau wiki.

Ni utaratibu mzuri kabisa. Ndiyo maana nasema mambo yangeweza kufanyika! Vipimo vilikuwepo, fedha zilikuwepo, watu wa kuvisimamia walikuwepo. Lakini vilikwenda wapi kwanza? Mhadhiri msaidizi aliyekuwa anafundisha wanafunzi ishirini chumbani hakupewa kipimo cha kila siku. Katika Chuo Kikuu cha Michigan, kimojawapo cha Big Ten, wahadhiri wasaidizi na wafanyakazi wengine wa shahada za juu waligoma tarehe 8 Septemba, na upimaji bora ulikuwa kati ya madai yao. Siku nane baadaye ikatangazwa kwamba wachezaji watapimwa kila siku.

Na hata hivyo msimu ulikatikakatika. Zaidi ya mechi 100 za ngazi ya juu ziliahirishwa au kufutwa nchi nzima. Ohio State na Michigan, waliokuwa wamekutana kila mwaka tangu 1918, hawakukutana.

Mnazi wa Michezo

Sawa, hapo kwenye vipimo nimekuelewa. Sikuwa najua habari ya wale wahadhiri. Ila bado naamini msimu kuchezwa ilikuwa bora kuliko kutochezwa.

Mwalimu wa Darasa la Tatu

Shikamooni wakubwa, na wadogo habari zenu. Nimesoma uzi wote kimya, lakini naona tunazungumza vyuo na mpira tu. Watoto wadogo wako wapi? Mtoto wa miaka minane hawezi kujifunza kusoma kwa simu ya baba yake inayorudi nyumbani saa mbili usiku. Mtu mzima akikosa muhula atausoma mwakani. Mtoto akikosa darasa la pili, utamwona darasa la tano bado anababaika na silabi. Mimi ninao darasani.

Mleta uzi

Mwalimu, marahaba, na umegusa kiini cha uzi huu kabla sijafika.

New York ndilo jiji lenye mfumo mkubwa kuliko yote wa shule za umma Marekani, wakati huo wanafunzi takriban milioni 1.1. Walifungua kwa awamu kuanzia tarehe 21 Septemba, wadogo wakatangulia. Meya Bill de Blasio aliweka sharti: maambukizi ya jiji yakifika wastani wa asilimia 3, shule zote zifungwe. Tarehe 19 Novemba zikafungwa. Vipimo vya watu waliochaguliwa bila mpangilio ndani ya shule zenyewe vilikuwa vinaonyesha maambukizi chini ya asilimia 1. Na siku hiyohiyo migahawa ilikuwa bado inaruhusiwa kuwaketisha wateja ndani. Migahawa ya ndani ilifungwa katikati ya Desemba, wakati shule za msingi zilikuwa zimeshaanza kurudi tarehe 7 Desemba baada ya wazazi kupiga kelele.

Denmark walikwenda kinyume. Tarehe 15 Aprili 2020, wakiwa wa kwanza Ulaya, walirudisha watoto wadogo shuleni kwa vikundi vidogo, nje kila ilipowezekana, huku baa na migahawa ikiwa imefungwa. Walijua maambukizi wanayoweza kuyavumilia ni machache, wakayatumia kwa watoto.

Si kwamba shule ni salama kwa jina tu la kuwa shule. Israeli walifungua madarasa yote kwa pamoja katikati ya Mei, joto kali likaja, barakoa zikaondolewa, viyoyozi vikawashwa madirisha yakiwa yamefungwa, na sekondari moja ya Yerusalemu ikatoa wanafunzi 153 na wafanyakazi 25 walioambukizwa. Nayo ilikuwa sekondari, si shule ya msingi, kwa hiyo hata umri wa wanafunzi unabadilisha hesabu.

Jirani wa Kampala

Ndugu zangu, huku Uganda tulifunga Machi 2020 na tukafungua kikamilifu tarehe 10 Januari 2022. Watoto takriban milioni 15. Madarasa ya mitihani yalirudi Oktoba 2020, mengine yakafuata polepole, halafu Juni 2021 zikafungwa tena zote. Siku ya kurudi kulikuwa na wasichana waliokuja na ujauzito, wengine hawakuja kabisa, na shule nyingine za binafsi zilikuwa zimegeuka kuwa nyumba za kulala wageni. Burundi, jirani yetu, hawakufunga shule hata siku moja. Tanzania mlirudisha vyuo na kidato cha sita tarehe 1 Juni 2020, na waliobaki tarehe 29. Sisemi nani alipatia. Nasema kufunga nako ni uamuzi wenye maiti zake, ila hazihesabiwi hospitalini.

Mleta uzi

Nimekusoma, na sina la kupinga. Tofauti ni kwamba sisi wengi hatukuwa na vipimo vya kutosha kuchagua njia ya kati. Marekani walikuwa navyo, ndiyo maana nawalaumu zaidi.

Nimalizie na vipimo. Julai 2020 David Paltiel wa Yale, Amy Zheng na Rochelle Walensky (ambaye baadaye aliiongoza CDC) walichapisha hesabu ya chuo cha mfano chenye wanafunzi 5,000. Jibu lao: kipimo cha bei nafuu, hata kama kinakosa wagonjwa watatu katika kumi, kikitumika kila baada ya siku mbili na walioambukizwa wakatengwa, kinaweza kuuweka mlipuko chini, kwa gharama ya takriban dola 470 kwa mwanafunzi kwa muhula. Wakasema pia kwamba kusubiri mtu aonyeshe dalili ndipo apimwe hakutoshi.

Tazameni vyuo viwili vya jimbo moja la New York. Cornell walikuwa na timu ya Profesa Peter Frazier iliyotengeneza hesabu zake yenyewe, na ikagundua kitu ambacho wengi hawakukitarajia: chuo kikibaki mtandaoni, wanafunzi wengi watarudi mjini Ithaca wakapange vyumba vyao, na chuo hakitakuwa na mamlaka ya kuwapima. Kufungua na kupima ndiko kungeleta wagonjwa wachache zaidi. Wakapima wanafunzi wa shahada ya kwanza mara mbili kwa wiki, na muhula ukafika mwisho uliopangwa. SUNY Oneonta, mwendo wa saa mbili hivi kwa gari, walipokea wanafunzi bila kuwataka wapimwe wanapowasili. Kufikia tarehe 3 Septemba maambukizi yalikuwa yamepita 300, na muhula wa kampasini ukafutwa.

Kipimo nacho kina mipaka. Chuo Kikuu cha Illinois, Urbana-Champaign, kilijitengenezea kipimo cha mate, kikapima kila mtu mara mbili kwa wiki, na wanafizikia wake wakaingiza kwenye hesabu kwamba vijana watafanya tafrija. Ambacho hawakukiingiza ni kijana aliyekwisha kuambiwa ana virusi kwenda kwenye tafrija. Wakalazimika kuwabana zaidi mwanzoni mwa Septemba, na hali ikatulia.

Mwalimu wa Darasa la Tatu

Basi tuambie moja kwa moja. Ungekuwa wewe unaamua, ungefungua nini kwanza?

Mleta uzi

Shule za awali na msingi, madirisha wazi, vikundi vidogo, na mwalimu mwenye ugonjwa sugu apewe kazi ya mbali bila kukatwa mshahara. Kisha wanafunzi wa uuguzi, udaktari, maabara, ambao hawawezi kujifunza sindano kwenye skrini. Kisha wale wasio na makao au intaneti nyumbani, wageni wakiwemo. Wanafunzi wengine wa vyuo baadaye, na kwa sharti kwamba vipimo vipo kwa kila anayeingia getini, mpishi na mlinzi wakiwa ndani ya hesabu hiyo. Michezo ya vyuo ningeiruhusu bila mashabiki pale tu ambapo timu haipimwi mara nyingi kuliko watu wanaoipikia.

Najua sharti hilo la mwisho lingeua msimu katika vyuo vingi. Nalijua na bado naliweka.

Humu ndani bila shaka wapo waliosimamia hosteli za vyuo vyetu kuanzia Juni 2020. Naomba waje watueleze: mwanafunzi akikohoa usiku, alipelekwa chumba gani, na chakula alipelekewa na nani?

Nesi wa Zamu

Ninaye mlezi wa hosteli ya wasichana aliyekuwepo kipindi hicho, ni rafiki yangu. Namtumia uzi huu sasa hivi.